Koti Kwenye Moshi

Koti la kiume lilikuwa limeanikwa tena kwenye uzio, limegeuzwa ndani nje, upande ule ule ambao upepo ulipeleka moshi wa lami. Kando yake alisimama mama mmoja mwenye mtandio mweusi, akikohoa, machozi yanamtiririka.

Mafundi wa barabara walishambandika jina: Mama Machozi.

"Uzio wote huu, yeye anaanika hapo tu," alisema dereva wa rola. "Akili zimemruka."

Nyapara wao hakucheka. Mama yake mzazi alikufa kwa ugonjwa wa kifua, na kikohozi kile kilimchoma moyo. Ndiyo maana aliwang'ang'ania wakubwa wake mpaka wakakubali kuleta lami mpya, ile inayochanganywa kwa joto la chini. Haili mafuta mengi, haichafui hewa, wala haimlizi mtu.

Ilipofika, mafundi waliikataa. Dalili ya mvua ni mawingu, na kwao dalili ya lami moto ilikuwa moshi.

"Bosi, hii imeshapoa," alisema dereva wa rola. Akashuka, akaigusa kwa kidole, akaruka huku akikipuliza. Wenzake wakacheka mpaka wakashika mbavu, kisha wakaanza kutandaza. Rola ikapita, lami ikalala vizuri, na madirisha ya mtaa yakabaki wazi.

Mama Machozi akaja na koti lake. Akalianika palepale, akangoja. Akalisogeza puani, akalirudisha kwenye uzio, akangoja tena.

Nyapara alimwendea, furaha imemjaa kifuani. Siku zote hizi alikuwa akiisubiri saa hii.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Kuanzia leo nguo yako haitanuka. Ule moshi umekwisha, hautarudi tena."

Mama alimtazama. Machozi yakaanza kumtoka, ingawa hewa ilikuwa safi kabisa.

"Hautarudi?"

"Hautarudi, mama."

Akalishusha koti, akaligeuza ili alikunje. Mgongoni lilikuwa na mistari ya kung'aa, sawasawa na lile alilovaa nyapara.

"Mkwe wangu alilifua bila kujua," alisema. "Harufu ya lami ndiyo pekee niliyokuwa nimebaki nayo ya marehemu baba watoto."