Hoho Isiyochumwa

"Asiichume mtu!" Baba alituonya siku Mama alipopangiwa upasuaji wa macho. Mama alikuwa haoni kwa miaka minne. Hoho yenyewe ilikuwa moja tu, kwenye mche uliopandwa katika ndoo ya barazani, na Baba aliilinda kama askari wa benki.

Kijani chake kilipoingia hudhurungi kwa chini, nikasema inaoza.

"Inaoza wapi? Ngoja uone," alinijibu. Na kweli, siku mbili baadaye wekundu ulichomoza hapo chini ukaanza kupanda, uking'aa kama rangi mbichi.

Mama alipofunguliwa bandeji nyumbani, Baba hakumuuliza kitu. Alikwenda barazani, akaichuma mwenyewe, akamwekea kiganjani. Ganda lake lilikuwa laini kote. Kwa kupapasa tu, huwezi kujua rangi inabadilikia wapi.

Kidole cha Mama kilianzia kwenye kikonyo. Kikateremka taratibu juu ya kijani, kikasimama pale pale wekundu ulipoanzia.

"Wekundu umefika hapa," akasema.

Kisha akainua uso. "Na wewe, baba watoto, hizo ndevu zimeanza lini kuwa nyeupe?"