Kikopo cha Kulwa

Daktari alikiweka kikopo mezani kwa heshima kubwa, kana kwamba ni kombe la ubingwa, akasema choo kilichomo kimejaa mafuta.

"Chakula kinapita tu, Mama Kulwa. Utumbo haufyonzi. Ndiyo maana kijana anakonda."

Doto alikitazama kifuniko cha bluu. Jina lililoandikwa pale lilikuwa la pacha wake, lakini kilichokuwa ndani kilikuwa cha Doto. Kulwa alichuchumaa asubuhi nzima bila mafanikio. Kwao Samuye, dawa ya pacha mmoja hunywewa na wote wawili, basi Doto, kwa hekima yake yote ya kidato cha tatu, akaamua kwamba hata choo cha mmoja ni cha wote. Walicheka mpaka wakashika mbavu.

Sasa Kulwa alikuwa anamtazama, wala hacheki.

"Afadhali huyu mzima," mama alisema, akimpigapiga Doto begani. "Anamaliza ugali wa watu wawili."

Doto alihisi kiganja cha mama kikigonga mfupa. Hakuhisi kingine chochote.

"Mgonjwa apande kitandani, nimpime tumbo," daktari alisema.

Kulwa hakusogea. Doto akavua viatu, akavipanga sambamba kama bwenini siku ya ukaguzi, akapanda kitandani na kuanza kufungua vifungo vya shati.

"We Doto! Acha utani mbele ya daktari!"

"Leo sitanii, mama," alisema Doto, macho yake yakiwa darini.