Kobe Ugenini kwa Lama

Katika ligi kuu ya wanyama wa Amerika Kusini, Lama walikuwa hawafungiki kwao, juu ya milima ya Andes. Wageni walikimbia kipindi cha kwanza, hewa nyepesi ikawakata pumzi, ndipo Lama wakawafunga watakavyo.

Mechi ya mwisho ya msimu ikawa zamu ya Kobe, washika mkia wa ligi, kupanda huko. Wasiposhinda, wanashuka daraja.

“Tuwasubiri wachoke,” nahodha wa Lama akawaambia wenzake, wakajilaza nyasini.

Kobe hawakukimbia hata kidogo. Walitembea na mpira polepole, na dakika ya tisini wakausukuma wavuni.

“Haki iko wapi?” nahodha wa Lama akafoka. “Tulikuwa tunawasubiri mchoke!”

“Msichoke kusubiri, ndugu zetu,” akajibu nahodha wa Kobe. “Tukianza kushuka mlima leo, mechi ya kwanza ya msimu ujao tutaiwahi.”