Kiti cha "Kaa Tuongee"

Mtangazaji mpya alikaa, akainuka, akakaa tena. Kimya.

"Jaribu kukaa kwa hasira," fundi mitambo alimshauri kutoka upande wa pili wa kioo.

Akakaa kwa hasira. Kiti kikampokea kwa upole, kama godoro la hoteli.

"Dada, usiniangalie mimi," fundi akasema. "Miaka nenda rudi nakipaka mafuta hicho kiti, kinalia tu. Mzee kastaafu juzijuzi, ndiyo mafuta yameanza kufanya kazi."

Kipindi cha "Kaa Tuongee" kilikuwa hewani kabla mtangazaji mpya hajazaliwa. Taarifa ya habari ya asubuhi ikiisha, wasikilizaji walizoea kusikia kiti kikilia, krrik, kisha sauti ya mzee: "Mgeni wetu, karibu, kaa tuongee." Halafu, kila mzee alipotaka kuuliza swali la kumtoa mtu jasho, alikunja nne, na kiti kikalia tena. Krrik. Watu majumbani waliacha kupiga mswaki wasikilize. Waziri mmoja aliisikia hiyo krrik akaomba maji. Kocha wa timu ya taifa alijiuzulu kabla hata hajaulizwa.

Mitaani walimwita Mzee wa Kiti, naye hakukataa. Siku ya kumuaga walitaka kumzawadia kiti chenyewe, akasema hapana, kiti ni mali ya kipindi, aachiwe binti.

Binti akaachiwa. Alisoma habari bila kujikwaa. Aliwabana wageni mpaka wakasema ukweli kwa bahati mbaya. Simu zikaanza kumiminika.

"Mwanangu, unauliza vizuri, Mungu akubariki," alisema msikilizaji mmoja. "Ila hicho siyo kipindi. Kiti kiko wapi?"

"Nimekikalia, baba."

"Basi kikalie vizuri."

Fundi alirekodi mlango wa choo cha wanaume ukilia, wakaurusha hewani badala ya kiti. Kabla mgeni hajamaliza kusalimia, simu ikaita. "Huo ni mlango," sauti ikasema. "Tena wa choo. Mnatudharau."

Mkuu wa vipindi alikuwa mtu wa maneno machache, mengi yakiwa mabaya. "Malalamiko yakiendelea mpaka kesho, saa ya kipindi chako tunapiga muziki," alimwambia. "Wewe unarudi kwenye matangazo ya vifo. Kule wahusika hawalalamiki."

Siku hiyohiyo, alipotoka hewani, mtangazaji alikodi teksi. Walikifunga kiti juu ya paa kwa kamba.

"Mgonjwa?" dereva akauliza.

"Bubu."

Mzee alikuwa amesimama mlangoni akimwagilia maua. Alipokiona kiti alitabasamu kama mtu aliyeletewa mjukuu. Wakakiingiza sebuleni, wakakiweka katikati ya zulia. Mzee akakizunguka, akakipapasa mgongo, akakaa.

Krrik.

Mtangazaji nusura alie. "Umefanyaje, mzee wangu?"

"Nimekaa."

"Na mimi si nakaa!"

"Wewe unajiweka. Kaa kama mtu asiye na haraka ya kupendwa."

Akakaa hivyo. Kimya.

"Kunja nne."

Akakunja nne. Kimya, mpaka ikasikika saa ya ukutani.

"Usikate tamaa, mwanangu," mzee akasema. "Kinataka kikuzoee kwanza. Hata mimi nilipoanza, kijana wa rika lako, hakikutoa neno. Kilikuja kuongea baadaye sana, nywele zimeshaanza kuwa nyeupe."

"Mkuu kanipa mpaka kesho."

Mzee akafikiri. "Kesho ni karibu," akakiri.

Mkewe akaingia na chai, akakitazama kiti kwa jicho baya. "Hicho kirudi huko kilikotoka, tafadhali. Tangu huyu bwana astaafu, mpaka makochi yangu yamejifunza kulia. Sijui katuletea mdudu gani wa redioni."

"Mama nanihii, tuna mgeni."

"Namwona. Na makochi nayasikia."

Chai ikanyweka kwa huzuni. Mtangazaji na dereva wakakibeba kiti, wakakifunga tena juu ya teksi. Wakikaza kamba, mtangazaji alikuwa ameshaanza kuirudia kimoyomoyo ile sauti ya "tunasikitika kutangaza". Mzee alikuwa amemsindikiza hadi penye gari.

"Utaniwia radhi, mwanangu. Ningejua namna ya kukufundisha, ningekufundisha."

"Si kosa lako, mzee wangu."

Akafungua mkoba atafute leso, kalamu ikamdondoka. Mzee, mtu muungwana siku zote, akachuchumaa kuiokota.

Krrik.

Mtangazaji akatazama juu ya teksi. Kiti kimetulia, miguu hewani, kamba zimekaza. Akatazama goti la mzee.

"Dereva," akasema, "teremsha kiti. Pakia mzee."