Taa ya Siku Arobaini

Siku hizi kila nyumba yenye mtoto mchanga hufungwa taa inayosoma mawazo ya mama. Wazo baya likimpita kichwani, taa huwa nyekundu. Ikiwaka mara tatu kabla ya arobaini, mtoto huenda kulelewa na bibi yake mpaka aote meno.

Taa ya Hidaya ilikuwa imeshawaka mara mbili. Mara zote mbili alikuwa akimwogesha mwanawe, likamjia wazo la kumwachia majini. Hakulitaka. Lilimtia hofu hata akaogopa kumshika.

Bi Rukia, mshauri wa zahanati, alimwambia, "Wazo si nia, mwanangu. Ukipigana nalo linakaa. Liache lipite, wewe endelea kuogesha."

Siku ya thelathini na tisa Hidaya akajaza beseni. Wazo likaja. Akanong'ona, "Nimekuona, pita," huku akisugua mikunjo ya shingo ya mtoto. Kwa mara ya kwanza tangu hapo alimshika bila hofu.

Taa ikawaka nyekundu.

Mama mkwe akaingia na khanga.

"Mama, safari hii sikuogopa hata kidogo. Muulize Bi Rukia, wazo si nia!"

"Najua, mwanangu." Mama mkwe alikuwa akilia. "Hata mimi nikimwogesha mumeo lilinijia hilohilo. Basi tu, hatukuwa na taa."

Akamkausha mtoto, akamfunga vizuri, akatoka naye. Walipovuka kizingiti mtoto akalia, na maziwa ya Hidaya yakaanza kutoka yenyewe.