Mlio wa Pikipiki ya Bwana Misitu

"Vuta mafuta!" alifoka fundi Hermani. "Vuta, usiihurumie!"

Alikuwa amepakiwa nyuma ya pikipiki kuukuu, ameinama ubavuni sikio likielekea injini, kiasi kwamba kofia ilikwisha kumdondoka bondeni. Bwana Onesphory, bwana misitu, akavuta mafuta. Mlima ukakaza, na mlio ukaanza: kele-kele-kele, kama njugu zinazotikiswa ndani ya kopo.

Huko juu msituni mashoka yakanyamaza ghafla. Walipofika walikuta vipande vya mti mbichi na maganda ya viazi yaliyokuwa bado ya moto. Mtu hata mmoja hakuwepo.

"Umeusikia, mzee Hermani?"

"Nimeusikia. Na hao wakata miti wameusikia kabla yangu. Ndiyo maana miaka sita hujakamata mtu."

"Ndiyo hivyo," alisema Onesphory, akageuka kutazama mabonde. "Usijisumbue sana lakini. Ikikushinda, niandikie tu kwamba imeshindikana."

Hermani aliudhika. Imshinde nani?

Tangu Manyara iwe mkoa, Babati kulikuwa na wakubwa wapya, na wakubwa wapya hupenda barua. Barua ya safari hii ilitaka kila pikipiki ya idara ipelekwe kwa fundi, na fundi aandike kwa mkono wake kama imepona au haiponi. Onesphory alipita na barua hiyo mbele ya gereji ya Nicodemo, katikati ya Haydom, yenye kibao cha rangi na mashine ya kujazia upepo. Hakusimama. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha Hermani, mchana kweupe, watu wote wakiona.

Siku hiyo Hermani alitembea kama mtu aliyevaa viatu vipya. Nicodemo alikuwa amemmaliza. Wateja wote wa pikipiki walikwishahamia kwenye kibao cha rangi, na yeye, fundi wa miaka ishirini, alibaki na baiskeli za kuziba viraka. Alikuwa amemwapia mkewe, Hilaria, kwamba pikipiki hii ikimshinda anafunga kibanda na kurudi Tumati kulima.

"Kulima?" alisema Hilaria. "Hebu iponye tu, baba. Shamba halijakukosea kitu."

Basi akaiponya. Kwenye tambarare injini ilikuwa kimya. Ilipiga kelele mlimani tu, ikibeba mzigo. Kwa fundi anayejua kazi hiyo ni habari tosha: moto ulikuwa unawaka kabla ya wakati wake. Akafungua kichwa cha silinda, akakwangua masizi yaliyoganda juu ya pistoni mpaka chuma kikang'aa. Akarudisha taimingi ya moto nyuma kidogo. Akabadilisha plagi. Wakapanda mlima, kimya. Hermani alitaka kuimba.

Jumatatu iliyofuata Onesphory akarudi. Kele-kele-kele.

"Nilikuambia," alisema, na uso wake haukuwa na huzuni hata kidogo. "Mashine imezeeka hii. Andika tu."

Hermani hakulala vizuri. Asubuhi alichovya kidole ndani ya tangi, akajidondoshea matone mawili kiganjani. Petroli hukauka upesi na kuacha ngozi kavu. Hii ilikauka nusu, ikaacha utelezi, na harufu ya jikoni.

"Mafuta ya taa!" alipaza sauti hadi muuza chai wa jirani akatoka nje. "Umechanganyiwa mafuta ya taa! Ndiyo yanayoleta huo mlio! Unanunua wapi petroli?"

"Ah... popote," alisema Onesphory, aliyekuja kuchukua pikipiki yake. "Zile za chupa, barabarani."

"Wezi hao! Wanakuharibia chombo cha serikali!"

Akalimwaga tangi lote, akalisuuza mara mbili, akalijaza petroli safi ya kituoni. Kisha, kwa kuwa hakumwamini tena muuza chupa yeyote, akafunga kifuniko cha tangi kwa kufuli na ufunguo akautia mfukoni mwake.

"Kila Jumatatu njoo nikujazie mwenyewe," alisema. "Hii sasa ni heshima yangu."

Onesphory akakivuta kifuniko, kufuli likakataa. Hermani akachukua barua ya Babati na kuandika kwa herufi kubwa: IMEPONA KABISA. Akatia sahihi, akachora mstari chini yake, akauchora tena.

Siku tatu baadaye alikuwa ameinamia baiskeli. Hakusikia kitu. Alipoinua macho, pikipiki ilikuwa imesimama mbele yake, na juu yake Onesphory, uso umemshuka kama mtu aliyetoka mazishini.

"Shikamoo, mzee Hermani."

"Marahaba! Hata sijakusikia ukija! Haya, umekamata?"

"Nimekamata."

"Unaona sasa! Nani?"

"Mzee Sulle. Baba mkwe wangu." Onesphory alishuka polepole. "Nimemtokea mgongoni, msumeno mkononi, gogo limefika nusu. Nimempa shikamoo, ameipokea. Tumesimama hapo, mimi na mkwe wangu, hakuna anayejua pa kutazama. Mke wangu amefungasha. Na huko msituni nimewaona kwa macho yangu katekista, mwenyekiti wa kijiji na mjomba wangu. Nimewaona wote! Miaka sita sijawahi kumwona mtu."

Hermani alishika ufunguo mfukoni. "Lakini wale wauza chupa..."

"Wauza chupa hawana kosa. Hayo mafuta ya taa nilikuwa natia mwenyewe, wanisikie mapema."

"Sasa kwa nini ukaileta kwangu?"

Onesphory alimtazama kwa uchungu wa kweli. "Kwa sababu Nicodemo angeiponya, mzee. Na Haydom nzima iliniapia kwamba wewe huwezi."