Mashine Mbili Zapatana

"Mama watoto, njoo uone! Zimepatana!"

Mshonaji aliingia sebuleni na sindano yake mkononi. Mumewe alikuwa ameunganisha kwa waya kidaftari cha kielektroniki cha mkewe, cha kuhifadhia majina na namba za simu, na kompyuta ya mezani. Miaka miwili mashine hizo za mifumo tofauti hazikupikika chungu kimoja, na herufi za kidaftari, ndogo kama sisimizi, zilimshinda mume macho. Ndiyo maana mke aliificha siri yake humo.

Sasa majina yalishuka kwenye skrini kubwa kwa mpangilio wa alfabeti, na mume akayasoma kwa sauti kama mwalimu anayeita mahudhurio.

"Shangazi. Shule. Tabibu wa meno."

Mshonaji aliutazama waya. Ulipita chini ya mkono wa mumewe, mkono ule ule uliomvunja jino.

"Chai inapoa, baba watoto."

"Ngoja, yamebaki machache. Ushirika. Vitambaa."

Sindano ilizama kidoleni, asisikie maumivu. Baada ya Vitambaa lilibaki moja tu: Wakili wa talaka.

Likatokea.

Hilo mume hakulisoma kwa sauti.